Kutu Haipigwi Dawa

Jumapili, 6 Aprili

Kaka yangu mpendwa,

Habari za huko, na za tanuri lenu la mikate? Sisi wazima, ukiacha wale wasio wazima, na ndio maana nakuandikia. Mama anakusalimu. Anasema ule vizuri, usije ukawa mwoka mikate anayekufa njaa.

Kaka, nina jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Damu iliyomwagika hapa kwetu juzi imetoka mdomoni mwangu. Si kwamba nilipigwa. Nilisema neno.

Mvua haijakatika tangu ngano ianze kutoa masuke, na majani yameota madoa mekundu. Ukiyagusa, vidole vinabaki na unga wa rangi ya matofali. Basi akaja mama mmoja, mtaalamu wa mimea, lugha yetu haijui, anaongea ya shule tu. Baba akanisukuma mbele: "Haya, msomi wangu, anasemaje?" Watu wote wakanitazama. Unanijua nikitazamwa. Yule mama alieleza kirefu: ni ugonjwa wa kuvu, unapeperushwa na upepo, unapenda majani yaliyolowa, upigwe dawa wiki hii hii. Mimi nikasema, "Kutu." Ndivyo tulivyofundishwa darasani, kutu ya ngano. Yaliyobaki nikayameza.

"Kutu?" Baba akaenda moja kwa moja kwenye ile mashine ya kupandia ngano aliyotuazima baba mdogo. Imeliwa na kutu mpaka magurudumu. "Ona! Mpunga wake mzima, ngano yangu inaoza. Kaniletea makusudi!" Unajua wamegombania maji ya mfereji tangu hujaondoka.

Baba mdogo alikuwa kitaluni anang'oa miche ya mpunga. Baba hakusalimia. Alimpiga kwa mpini wa sepetu, sikio likachanika kama kitambaa, kisha akamkandamiza uso kwenye tope mpaka miguu ikawa inarusha maji hovyo. Ilibidi wapandaji wanne wamvute. Aliporudi akaiponda mashine kwa nyundo, kipande kwa kipande, huku anaitukana kama mtu.

Dawa aliyoiacha yule mama hataki. Anasema kutu haipigwi dawa, kutu inasuguliwa. Usicheke: ametugawia matambara, tunafuta majani ya ngano, jani moja moja.

Nifanyeje?

Mdogo wako


Jumatatu, 14 Aprili

Mdogo wangu Kimya,

Salamu kutoka kwa mwenye unga masikioni. Barua yako dereva wa lori la ngano aliikalia, imefika na umbo la makalio yake. Mimi mzima, na nakula, mwambie mama.

Pale kwenye matambara nilicheka. Kisha nikarudia pale kwenye tope, nikaunguza trei nzima ya mikate.

Wewe hujampiga mtu. Mikono ni ya baba, naijua. Jino langu la mbele liliijua kabla yangu. Ila neno lilitoka kwako, na hapo hakuna mwingine wa kulirekebisha. Mtaalamu kaondoka, na mimi nikitia mguu hapo baba ataniua kabla sijamaliza shikamoo. Na hayo majani hamyafuti, mnayapaka! Mnahamisha unga wa ugonjwa toka jani hili hadi lile.

Mwambie. Mbele ya watu, ili asipate nafasi. Na kwa sauti, siyo ile yako ya kuongea na kola ya shati.

Kaka yako


Jumatano, 23 Aprili

Kaka,

U hali gani? Huku aliye mzima ni mvua peke yake.

Miche ilikuwa imeshazidi umri kitaluni. Baba mdogo akasema liwalo na liwe, akaingia jarubani kupandikiza, sikio limefungwa. Baba akashuka na panga. Nikamkimbilia. Wanawake waliokuwa wameinama kwenye mistari wakainuka wote, miche mikononi, wakinitazama. Nikafungua mdomo nikapiga kelele, sauti mpaka mimi mwenyewe nikaishangaa. Lakini kaka, ilitoka lugha ya shule. Yote! Sentensi safi kabisa, mwalimu angenipa alama zote. Hakuna aliyeelewa hata chembe. Mpandaji mmoja akasema, "Mtoto kapandisha mashetani," wengine wakacheka kwa woga. Baba akanizaba kofi, nikakaa majini, akaendelea kushuka.

Safari hii baba mdogo hakusubiri. Alimpiga jembe la bega, nikausikia mfupa. Baba akahamishia panga mkono wa kushoto, akakata. Vidole viwili vya baba mdogo vilizama kati ya miche. Mama alivitafuta kwa kupapasa, asivipate. Maji yalishakuwa mekundu.

Sasa sikia. Jana mke wa baba mdogo kaja kuomba radhi. Kuomba, kaka! "Mume wangu anasema kaka yake amsamehe, hakujua kama kutu ya chuma inashika ngano." Wameamini. Na baba kakubali radhi, kwa sharti apewe majaruba yote ya chini. Ndiyo shamba lao lote. Watakabidhiana Jumapili ijayo ile nyingine, tarehe nne.

Mdogo wako


Jumatatu, 28 Aprili

Kimya wangu,

Pole sana. Dereva nimemhonga mkate asiikalie hii.

Kwenye mfuko kuna mkate mwingine. Usile. Umelala kwenye unyevu, umeota manyoya ya kijani. Mwonyeshe baba, muulize: huu umeguswa na chuma gani? Kisha useme ngano imeota kuvu. Kuvu, basi. Neno la nyumbani, halihitaji cheti.

Mkute akiwa amekaa. Akikataa, mwambie mwenye vidole vilivyozama.

Kaka yako


Jumapili, 4 Mei

Kaka,

Nakusalimu haraka haraka, mlango huu hauna komeo.

Ijumaa nilimwonyesha baba ule mkate. Nikasema yote. Hakunipiga. Aliugeuza, akaunusa, akauliza polepole, "Nani mwingine anajua?" Nikasema hakuna. "Basi na wewe hujui." Akautupia kuku. Heri angenipiga.

Leo tumeshuka majarubani. Baba mdogo akasimama kwenye tuta, mkono umeviringishwa kama kitoto kichanga, akaanza kuomba radhi kwa mdomo wake mbele ya wote. Alipofika "hii mashine yangu" nikamkatiza.

"Baba mdogo, acha. Ngano imeota kuvu. Mashine yako haina kosa. Baba anajua tangu Ijumaa."

Sauti ilikuwa ndogo, na ilitosha. Baba mdogo aliutazama mkono wake, halafu akamtazama baba. Akasema, "Kaka?" Hivyo tu. Baba akageuka, akaondoka. Hakuna aliyekabidhi kitu.

Mke wa baba mdogo alinishika: "Usirudi kule leo, mwanangu, lala kwetu." Nimerudi. Mama yuko huku peke yake.

Lango limelia. Mama anasema, "Karibu, baba watoto," kwa ile sauti ya kukaribisha mgeni. Kitu kimeanguka jikoni, kizito, na mama haongei tena.

Nasikia viatu vya baba ukumbini. Naisukuma hii chini ya godo