Maua Madogo ya Mulima Uliokuchukua

Ndugu yangu Amisi,

Nimechoka. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye mukeka wa mama yako, hapa Kabambare, na yeye anafunga mizigo. Ndiyo, mama yako. Ngoja nikueleze.

Tulipokuzika kule chini ya mulima, muzungu wetu, yule tuliyemubebea mizigo, aliondoka na makaratasi yake ya kukaushia majani. Mimi nikarudi huku peke yangu. Mama Amisi alinikuta mulangoni, akatazama nyuma yangu kama vile unakuja. Alielewa mwenyewe, akakaa chini.

Tangu hapo, kila jioni ananiuliza: amelala upande gani wa njia? Kuna kivuli? Ninamujibu, na kesho yake anauliza tena.

Sasa kapita, yule musimamizi wa wapagazi, amekuja. Muzungu amerudi, anatutaka. Unakumbuka vile vimajani vyake, vimejibana kwenye mawe karibu na barafu, na viua vyeupe vidogo kuliko ukucha? Alisema ule ni ukoo muzima, wote wafupi hivyo hivyo, wanaishi kwenye milima ya baridi hata kwao Bulaya, na ni ndugu za kabichi na haradali. Ukatafuna jani moja, likakuwasha ulimi. "Kabichi gani hii? Mutu atashiba mwaka gani?" Ulicheka, ukakohoa, ukacheka tena. Kile kikohozi, Amisi...

Basi, tuliyochuma yalikuwa maua matupu. Sasa anataka yenye maganda ya mbegu, maana bila maganda hawezi kujua ni yupi katika ukoo ule. Ndiyo sababu tunarudi. Kwa ajili ya maganda, ndugu yangu. Sina hata nguvu ya kukasirika.

Mama Amisi alisikia yote akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akaacha kutwanga. "Na mimi ninaenda."

Nikamuambia, "Mama, kule iko mbali, na baridi yake si ya mutu wa umri wako."

"Mimi ndiye nilimuzaa. Wewe unionyeshe tu."

Kapita akasema wanawake hawachukuliwi. Nikamujibu: basi tafuta mutu mwingine anayejua maua yale yanaota wapi. Akanyanyua fimbo. Nilikuwa nimechoka hata kukimbia, nikabaki nimesimama pale pale. Mwishowe akateremusha mukono. Akasema haya, mama atapikia wapagazi bugali.

Tunaondoka kesho asubuhi na kamio, lori la muzungu. Muzungu akipata maganda yake, asipopata, hilo si shauri langu tena. Mama yako nitamufikisha. Kwenye mawe nitamushika mukono. Nitamusimamisha mbele ya kaburi lako, na akianza kulia sitamuambia anyamaze. Nitasogea mbali kidogo, nimuache alie mpaka atosheke.

Pumzika, Amisi.

Ni mimi, Sefu