Kengele Iliyokwama

Kaka Spana,

Sisi wazima, na paka kazaa ndani ya sanduku lako la vifaa.

Ile kengele niliyoifunga kwenye kivuko cha reli, pale zinapopita reli mbili, bado ipo. Treni ikija inalia, ikishapita inanyamaza. Ila ina tabia ya kukwama, inalia bure mpaka mtu aipige ngumi nguzo yake.

Jumanne Mama alisimama na baiskeli yake, akangoja treni ipite. Ikapita, kengele ikaendelea kulia. "Makelele ya huyu mtoto," akasema, na badala ya kuvuka akageuka kwenda kuipiga nguzo. Hapo hapo treni nyingine ikatokea upande wa pili, ikapita kwenye ile reli ya pili na kumpeperushia kitambaa cha kichwa. Mzima, kaka. Nilimkimbilia, nikamshika mkono mpaka akalalamika namuumiza.

Sasa anatangaza mtaa mzima kuwa kengele yangu iliiona treni ya pili. Kesho mafundi wa reli wanakuja, wanataka kufunga kama hiyo kwenye vivuko vingine. Lakini nimeifungua kuikagua ndani, kaka: ilikwama tu. Reli ya pili sijaiwekea hata waya mmoja.

Nimemwambia Mama, kacheka. "Nyamaza upate kazi, mwanangu."

Ungekuwa wewe, ungewaambia?

Mdogo wako asiyetulia,
Fundi Waya