Mkeka wa Utenzi wa Mama

Buguruni, Dar es Salaam

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Hujambo wewe, na goti lako je? Bado linalalamika kila ukiinuka? Huku sie wazima, ila mume wangu kazi ya bandarini inamchosha, anarudi hana hata hamu ya kugombana. Nyumba imekuwa kimya mpaka natamani anikaripie.

Dada, kabla hujaendelea kusoma, kaa kitako. Kuna jambo nimelifanya juu ya utenzi wa mama, na nakujua, utawaka.

Kila siku baada ya adhuhuri tunakaa barazani kwangu wanawake watano, pamoja nami, tunachana miyaa na kusuka ukili wa mikeka. Siku moja nikawaimbia ule utenzi alioutunga mama wakati wa vita, baba alipochukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani. Sauti yangu unaijua, kama mlango usiotiwa mafuta, lakini nilipofika hapa wakaacha kusuka:

Wamekuja alfajiri,
wamevaa kiaskari,
hawakutoa habari,
mume wakamchukua.

Wakalia, nami nikalia. Nikasema, jamani, kwa nini tusiusuke? Kila mmoja achukue ubeti wake, ausuke ukili mmoja kwa nakshi na rangi, kisha tushone mkeka, mtu akiutazama avione vita vyote. Wakakubali palepale. Mmoja akasuka mizigo, visanduku vyeusi vinafuatana. Mmoja akasuka njia. Mwingine akasuka njaa, na miyaa aliichana nyembamba mpaka unaingiwa na huruma. Mie nikachukua ubeti wa mwisho, wa baba.

Sasa huyo wa tano ni Bi Zuhura, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mtu mzima, mpole, na kwa kusuka mtaa mzima hana mpinzani. Ila marehemu mumewe alikuwa askari wa Wajerumani. Ndiyo, Dada, haohao. Na wewe uliona kwa macho yako, ulikuwa umenibeba mgongoni walipomfunga baba kamba. Basi hasira zikanipanda, nikampa ubeti ule wa askari makusudi, nione uso wake atauficha wapi. Akapokea. Akasema tu, "Haya, mwanangu."

Mie huku ubeti wa baba ukanishinda. Mama anasema hapo kwamba hajui alikoanguka wala aliyemzika. Nikasuka kaburi, nikafumua. Nikasuka mwezi, nikafumua. Mume wangu akaniuliza kama nasuka au napigana na miyaa.

Bi Zuhura akaleta wake. Loo! Nyekundu na nyeusi, mistari ya bunduki imenyooka, inatisha. Halafu katikati rangi ikakatika, na kutoka hapo mpaka mwisho ni miyaa mitupu, myeupe.

"Rangi ilikuishia?" nikamuuliza, na kwa ukali, sikufichi.

"Rangi ninayo," akasema. "Aliondoka na wenzake kwenda kusini, sikuletewa hata kofia yake. Nilichokiona nimekisuka. Nisichokijua nitakisukaje?"

Nilijiandaa kumchukia mpaka Kiyama, kumbe naye anangoja habari zilezile tunazozingoja sie. Nikaingia ndani nikalia, hasira na huruma vyote pamoja. Kesho yake nikausuka ubeti wa baba: ile nguo yake ya buluu uliyonisimulia, kamba, kisha miyaa mitupu mpaka mwisho.

Tulipoupanga ukili tayari kushona, wenzangu walitaka wa Bi Zuhura ukae pembeni kabisa, mbali na wa baba. Mwenyewe akasema, "Nitoeni, wala sitanuna." Wote wakanitazama mie, maana utenzi ni wa kwetu. Nikashika shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, nikauvuta ukili wake ukalala kando ya wa baba, nikaanza kushona, weupe kwa weupe. Bi Zuhura akanishikia ncha mpaka nikamaliza.

Nisalimie mjomba wetu aliyetulea, mwambie tumbaku yake namtumia. Nisalimie shemeji, mumeo, na wifi yetu mwenye maneno mengi, mwambie huku nimepata wa kumshinda. Wanao nawabusu wote.

Mkeka huo umefuatana na barua hii. Najua hutaki askari nyumbani mwako, na haki unayo, mie nilikuwa mtoto wa mgongoni tu, wewe ndiye uliyeona. Ukitaka kumtoa, chukua wembe ukate, sitakulaumu. Lakini angalia unapokata, Dada. Yeye na baba nimewashona kwa uzi mmoja.

Mdogo wako akupendaye,
Tatu