Kwa Baba, Mwandishi Pekee Aliyenikatalia Mahojiano

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana huko uliko hata simu hazishiki.

Juzi alikuja hapa Nzuguni binti mmoja mwandishi wa habari, simu mkononi, kalamu hana. Anatafuta habari zetu sisi wa zamani tuliokuwa tunahoji waandishi wa vitabu na kuwaandika gazetini. Kaniuliza mengi, mengine ya maana, mengine ya kupotezeana muda, halafu akasema, "Mama, ni mwandishi gani alikushinda?" Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Nikamwambia ni baba yangu mzazi. Akadhani namtania. Alipoondoka kazi zote zilinikataa, nikakaa kukuandikia.

Unakumbuka tulivyoanza? Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu ruksa: mitumba, maduka ya watu binafsi, magazeti ya kila namna. Ruksa hiyohiyo ndiyo iliyokurudisha nyumbani, maana kazini walipunguza watu na wewe ukiwamo, karani wa stesheni tangu ujana, ukaja na sanduku la bati na lile koti la kazi ambalo hukulivua hata wakati wa kupalilia karanga. Mimi nikapata kazi kwenye gazeti dogo la wiki, chumba kimoja mjini na mhariri mmoja mwenye gubu. Akanipa ukurasa wa vitabu kwa sababu wenzangu wote waliukataa.

Na waandishi wenyewe walikuwa kina nani? Walimu wastaafu, wachungaji, makarani kama wewe. Zamani mtu alipeleka mswada Dar es Salaam akasubiri mpaka mvi zimtoke. Sasa wachapishaji wakubwa walikuwa wameyumba, basi kila mtu anajichapishia mwenyewe na kuzungusha vitabu vyake kwenye kikapu. Nilikuwa nawafuata majumbani. Na wewe, kwa kuwa huna kazi na hupendi kukaa, ukawa unanisindikiza. Ulisema ni kwa usalama wangu. Sema ukweli, ulikuwa unafuata umbea.

Siku ya Hombolo siisahau. Tulipata lifti ya lori la zabibu, tukafika tunanuka zabibu mpaka nywele. Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu mstaafu aliyeandika riwaya ya mwizi wa ng'ombe. Mimi na maswali yangu ya chuoni: dhamira ya kitabu ni nini, jamii ijifunze nini. Mwalimu wa watu akakaa wima akanihubiria kuhusu maadili ya vijana mpaka kanda ikaisha upande mmoja. Wewe ulikuwa pembeni umefumba macho, mimi najua umelala. Mara ukafumbua jicho moja ukauliza, "Mwalimu, ulikuwa unaandika umekaa wapi?"

Mzee yule akaanza kucheka peke yake. Akasema alikuwa anaandikia kwenye banda la mbuzi, kwa sababu ndani watoto hawamwachi, na mke wake akawa anawaambia majirani kwamba mwalimu siku hizi kaokoka, kila alfajiri anakwenda bandani kusali. Hapo ndipo mkewe akatoka ndani kukanusha, na watu wakaanza kuongea kama watu. Tuliondoka na habari nzuri na mtungi wa maziwa.

Njiani ukanipa somo. "Ukimuuliza mtu kwa nini aliandika, atakudanganya, na si kwa ubaya, hata yeye hajui. Muulize alikaa wapi. Hilo analijua." Nimelitumia somo hilo maisha yangu yote ya kazi na sijawahi kukulipa hata soda.

Halafu kumbe na wewe ulikuwa unaandika! Ulinipa makaratasi nikuchapie, ukasema ni ya rafiki yako. Mwandiko wako ninaujua tangu najifunza kusoma, lakini nikanyamaza nikachapa. Kitabu kikatoka, chembamba, jalada la kijani. Kanti bhai, yule Mhindi jirani yetu mwenye duka la vifaa vya shule, akakipanga katikati ya madaftari na wino, na kila mteja akaambiwa, "Chukua hiki, safi sana, ya jirani yangu." Hakuwa amekisoma hata ukurasa. Aliponiona mimi akawa anakwepesha macho.

Mimi nilikisoma mpaka nikakikariri. Kilikuwa habari ya mwanamke anayeuza mayai ya kuchemsha stesheni ya Gulwe, anayesimama mbele ya kila treni akimngoja mtu aliyeahidi kushuka. Na wewe na mama mliishi Gulwe. Huko ndiko nilikozaliwa. Mama alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni, na tangu hapo, baba, hukumtaja. Picha hatuna. Shangazi aliyenilea nikimuuliza ananiambia, "Kamuulize baba yako," naye anajua kabisa kwamba mtoto wa kike wa nyumba yetu hamkalishi baba yake kitako kumuuliza mambo yake na mkewe. Basi nikakua sina mama hata wa kuota. Kilipotoka kile kitabu nikasema, huyu hapa. Muuza mayai yule alikuwa na mwanya, nikaenda kwenye kioo kuangalia meno yangu. Nilichokuwa nataka ni kitu kimoja tu, useme kwa mdomo wako kwamba ndiye.

Nikaona nitumie kazi. Kama mtoto haulizi, mwandishi wa habari anauliza. Nikaja na redio kaseti, nikakuita "ndugu mwandishi." Ukavaa koti, ukafunga vifungo vyote, ukakohoa. Wakati ule ulikuwa unasikiliza Bunge redioni kutwa nzima, na siku hiyo Bunge lote likaingia sebuleni kwetu. Nikakuuliza, "Je, wahusika wako umewatoa kwenye maisha yako?" Ukajibu, "Mheshimiwa, swali lako ni zuri sana. Litajibiwa kwa maandishi." Nikauliza tena kwa njia nyingine. "Hilo ni swali jipya, naomba lije siku yake." Nikakuuliza ulikuwa unaandika umekaa wapi, swali lako mwenyewe. Ukaangalia mlangoni, ukasema muda umekwisha, ukaomba chai.

Nilikasirika, baba. Nilinuna siku kadhaa, nakuwekea chakula bila kukuangalia, na wewe unakula mlenda wako, unausifia. Sikujua nikuchukie au nikuonee huruma.

Aliyetuokoa ni Perusi, binti yangu. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Nilimpa jina la mama, kama ilivyo desturi, na kwa jina hilo wewe ulimwita mke wangu, naye alikuita mume wangu, anakudai pipi na kukusema kwamba huna meno. Mjukuu na babu yake ni watani, hakuna lisilosemeka. Na kwa kuwa Perusi ni mkeo, mimi niliyemzaa ukaniita mama mkwe. Majirani walikuwa wanacheka, mzee mzima anamwamkia bintiye.

Jioni ile mlikuwa mmekaa kwenye mkeka uani, mnabangua karanga. Wala sikumtuma, mtoto alikuwa amenisikia nikinung'unika, basi. Akakuuliza, "Mume wangu, ulikuwa unaandika kitabu umekaa wapi?"

Ukanigeukia mimi. "Mama mkwe, mazungumzo ya mtu na mkewe, mkwe hayasikilizi. Nenda jikoni." Nikaondoka. Mkwe ana heshima zake, na utani nao una sheria zake. Nikaingia jikoni nikaanza kusonga ugali wa uwele, masikio yote kwenye ukuta.

"Nilikuwa nakaa kitandani," ulimwambia, "upande wa bibi yako. Mimi nalala ukutani, yeye mlangoni. Nilikuwa nakaa huku kwake."

"Yule muuza mayai ndiye bibi?"

Nikashika mwiko kwa mikono miwili. Nikasikia karanga tu zinadondoka kwenye ungo. Halafu ukasema, "Hapana. Yule nilimwona mara moja tu, jina lake sikulijua, ndiyo maana niliweza kumwandika. Bibi yako nilijaribu. Nikiandika neno moja juu yake, naona amebaki hilo moja, mengine yote yamenikimbia. Nikaacha, asije akaniishia."

Nilitaka kulia kwa hasira. Mwanya wangu wote ule, bure. Lakini Perusi alikuwa mtoto, hajui kunyamaza panaponyamaziwa. Akasema, "Basi mimi niambie, sitaandika."

Ukamwambia. Kwamba mkeo alikuwa mke wa mtu wa reli anayeogopa honi ya treni, ikilia anaziba masikio na kucheka huku machozi yanamtoka. Kwamba alikuwa anakuita Bwana Stesheni akiwa amekasirika. Na kwamba nilipozaliwa mimi, alinibeba mpaka pembeni ya reli kunionyesha kwa dereva wa treni ya abiria, na dereva kwa furaha akavuta honi. "Siku hiyo," ukasema, "hakuziba masikio yake. Alimziba mama yako." Ukarudia tena, polepole, "Alimziba mama yako."

Baba, nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto, na nikaweka viganja vyangu masikioni nijue vinakaaje.

Ugali ukaungua. Sauti yako ikaja, ya kawaida kabisa, "Mama mkwe, hicho kinachonuka ni nini?" Kwa muda mrefu nilijiuliza kama ulijua nasikia. Acha mchezo. Jiko lile ulilijenga mwenyewe kwa mabati chakavu, na ulijua hata panya akikohoa humo anasikika uani.

Tuliukwangua ule ugali tukaula na moshi wake. Wiki ile ukurasa wangu ulikuwa na tangazo la mashine ya kusaga. Mhariri alifoka, nikamwambia mwandishi amekataa mahojiano.

Sasa mimi nina mvi nyingi kuliko ulizokuwa nazo wewe. Perusi ana watoto wake, na wa kwanza, nikimaliza kumsuka, ananiambia nina mikono mizito. Treni mpya zinapita kwa kasi, sijui kama dereva wake anaweza kumwona mama mwenye mtoto pembeni. Nakukumbuka sana jioni, wakati wa kubangua karanga, na siku nyingine nakaa kwenye kitanda changu upande wa mlangoni bila sababu. Yule binti wa juzi anataka nimsimulie habari zako zote, azitoe kitabu. Ni binti mzuri, nimempa hiki nilichokiandika hapa.

Hili la honi nimelitoa kwa kuwa ni langu na mama, na nimelishika vya kutosha, halikimbii. Lakini jioni ile ulisema na mengine, mpaka giza likaingia, na hayo siyaandiki. Na wewe mwenyewe, mzee wangu, hapa nimekuandika nusu. Nusu nyingine nimebaki nayo, usije ukaniishia.

Lala salama, Bwana Stesheni.

Mama mkwe wako,
Mama Perusi