Nilizuia Toleo Jipya, Wifi Yangu Akaitwa Mzembe

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono kabla Jumatatu haijafika, maana kosa ni langu na anayeungua ni mwenzangu.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika kliniki ya wajawazito, mashine zetu zinatumia mfumo wa Linux, na mwaka jana niliposasisha programu ya kuchapa lebo za chupa za damu, toleo jipya likawa linakata majina ya akina mama katikati, wauguzi wakanijia juu, basi nikarudisha toleo la zamani, nikaandika amri ya kulizuia lisisasishwe tena, mambo yakatulia, nikasifiwa, nikazipokea sifa na sikumwambia mtu. Kisha nikaenda likizo ya uzazi, nafasi yangu akashika wifi yangu, namaanisha dada wa mume wangu, si ile ya intaneti, na sasa kila akisasisha mashine, programu ile na nyingine tatu zinazoitegemea zinagoma kusasishwa. Amebadilisha nyaya, amezima na kuwasha mpaka kidole kimeota sugu. Juzi alikuja kwangu machozi yakimlengalenga: "Wifi, mashine hii imenichukia." Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Utaizoea tu." Mama mkwe naye akadakia, "Mwenzako mbona aliiweza?" Nikainamia pacha mmoja nikajifanya namcheulisha. Daktari mkuu amemwita mzembe, na amesema mashine zikiwa hazijasasishwa kufikia Jumatatu, wifi arudi mapokezi. Nikisema, heshima yangu itabaki wapi?

Mama Pacha, Fundi Mwenye Aibu

*

Mama Pacha, hongera kwa watoto, na pole kwa usingizi unaoukosa. Pole zangu zinaishia hapo.

Kuzuia toleo bovu hukukosea. Majina ya wagonjwa kwenye chupa za damu si mchezo, hata mimi ningelizuia. Lakini ulipotoka hukumwachia mwenzako hata kikaratasi, na alipolia ulimwona ukamwambia atazoea! Atazoea nini, mwanangu? Kufukuzwa?

Mpigie daktari mkuu leo, umweleze yote, usimzungushe. Kisha mwite wifi yako mkae mbele ya mashine. Muombe radhi kwanza, halafu mwonyeshe orodha ya programu zilizozuiliwa. Aione kwa macho yake. Ondoeni zuio kwenye mashine moja tu, msasishe, mchape lebo ishirini zenye majina marefu. Zikitoka salama, ondoeni kwingine kote. Zikikatwa, rudisheni zuio, mwandike nani kaweka, lini na kwa nini, mbandike ukutani, na mwaandikie waliotengeneza programu wairekebishe. Zuio lisilo na maelezo ni mtego kwa anayekuja nyuma yako.

Mama mkwe mwambie mwenyewe, kwa sauti ileile uliyopokelea sifa. Heshima unayoiogopea itapungua kidogo, ndiyo. Utaishi. Ila wifi yako akirudishwa mapokezi kwa kosa lako, hapo usiniandikie tena.

Mpe baba yao hao pacha awabebe. Piga simu.