Dakika Arobaini za Adabu

Salongo,

Ripoti ya wachunguzi imetoka. Nimeisoma mara tatu, kalamu mkononi, kama ninavyosoma karatasi yoyote ya serikali. Nakuanzia na injini, kwa kuwa najua ungeiulizia kabla hujaulizia watu.

Waya unaofungulia injini hewa ya moto ya kuyeyusha barafu ulikatika ndani ya ala yake, mahali ambapo jicho halifiki. Ulivuta kishikio na hakikuvuta kitu. Siku ile hewa ilikuwa na unyevu, baridi ikikaribia kuganda, barafu ikajijenga ndani ya kabureta na injini ikakosa pumzi. Wanasema ulichagua mahali pazuri kuliko pote palipokuwapo, pale msituni walipokata miti, na kwamba uliishusha ndege taratibu kadiri ilivyowezekana mpaka gurudumu la mbele likanasa kwenye kisiki. Antena ya kile kifaa cha kuita msaada ilikatika hapo, nacho kikanyamaza. Rubani hakukosea, wameandika. Bertil, mwenzako mliyemiliki naye ndege ile nusu kwa nusu, alipofika kwenye sentensi hiyo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Bado anakwenda uwanjani kila Jumamosi. Ndege haipo, lakini anafagia pale ilipokuwa ikilala. Lile doa la oili hajaligusa. Anasema wewe ndiye ulikuwa unagombana nalo, basi likungoje wewe.

Pacha wako wamerefuka. Babirye sasa anajibu kwa Kiswidi hata akiulizwa kwa Kiganda. Nakato anakwenda shule na zile glavu zako za ngozi, zinamvaa yeye badala ya yeye kuzivaa. Nalongo, mama yao, amerudi kazini hospitalini, kitengo cha kufua. Miezi mitano hii sijakosa hata Jumapili moja kupanda treni ya bluu kwenda kwako Rinkeby kuwasalimu, na kila Jumapili amenipakulia mimi kwanza. Kanisani alinishika mkono mbele za watu akasema, "Huyu shemeji yangu ndiye aliyewatuma wamtafute mume wangu."

Niliacha aseme. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Nianze na karatasi niliyokuwa nikiandikia saa zako. Ulinieleza siku ya kwanza kwamba kwa safari fupi kutoka uwanja wa majani hakuna anayekulazimisha kuaga, na kwamba hapo ndipo watu wanapofia. Ulikuwa fundi wa ndege Entebbe kabla hujawa mkimbizi na kabla hujawa rubani, na uliishi kifundi. Petroli uliimwaga kidogo kwenye bilauri ukaitazama kwenye mwanga kutafuta maji, hata kama Bertil alikuwa ameshaitazama dakika ileile. "Ndege si ya mwenye hati," ulikuwa ukisema, "ni ya aliyeikagua asubuhi." Ulitaka pia mtu mmoja wa chini, mwenye simu na saa, akae na saa yako ya mwisho. Ikifika hujapiga, yeye aite waokoaji. Basi.

Nalongo alikataa. Alisema alishakaa Kampala miaka mingi akitazama saa na kusikiliza geti, na hakuja Ulaya kuendelea na kazi hiyo. Ndipo ukaja ofisini kwangu, ukasimama katikati ya kelele za teleksi na jaketi lako linalonuka mafuta. "Mwandishi, wewe kazi yako ni kuandika saa na mahali. Niandikie na mimi." Tukakubaliana tuandike kwa Kiswahili, kwako na kwangu, kwa kuwa ndiyo lugha tuliyokuwa nayo wote wawili, wewe Kiswahili chako cha karakana, mimi changu ulichokicheka. "Watanzania bwana! Mtu anaungua, nyinyi bado mnamwuliza habari za nyumbani."

Miaka miwili uliniachia saa, nami niliiandika. Hukuchelewa hata mara moja, ila ile ya Juni.

Ile ya Juni uliona wingu jeusi mbele, ukafanya kama unavyofundisha: ukageuka, ukatua uwanja wa watu wengine. Wakakupa kahawa na keki, ukasahau simu. Saa yako ya mwisho ilipofika nilipiga dakika ileile. Helikopta ikaruka. Walikukuta na kikombe mkononi. Kwenye mkutano wa klabu ukaambiwa usimame ueleze, wewe mgeni pekee katika chumba kile, na watu wakacheka vile Waswidi wanavyocheka, kwa pua. Jumatatu ulikuja kwangu. Hukukasirika, au sikuona. Ulinipiga bega mbele ya ofisi nzima: "Huyu mtu amenizika kabla sijafa! Mwandishi, siku nyingine niache hata nimalize kahawa."

Wote walicheka. Nilicheka pia. Mimi ninayelipwa kuuliza watu maswali wasiyotaka, sikukuuliza kama ulikuwa unatania.

Halafu ile Jumamosi ya Novemba. Karatasi yangu ninayo hapa. Kuondoka, saa saba na dakika kumi mchana. Kurudi, saa tisa. Saa ya mwisho, saa tisa na nusu. Mwandiko ni wangu, umenyooka.

Saa tisa na nusu nilikuwa na mkono juu ya simu. Nikafikiri: yuko mahali anakunywa kahawa. Nikafikiri mkutano wa klabu, na wewe umesimama. Nikaona si adabu kumwaibisha mtu mzima mara mbili katika mwaka mmoja. Nikasema robo saa. Robo saa ikaisha, nje kukawa giza, nikaongeza. Sikuwa na kazi nyingine, Salongo. Ningependa kukuambia kulikuwa na habari kubwa siku ile. Hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimekaa.

Nilipiga saa kumi na dakika kumi. Walifuata njia uliyoniachia, wakakufikia saa kumi na dakika hamsini, ukiwa umeegemea gurudumu, umejifunga ramani kifuani ndani ya jaketi. Baridi ilikuwa imekumaliza.

Wiki ya pili mchunguzi alinipigia simu kwa upole mwingi. Walikuta karatasi kwenye ule ubao unaoufunga gotini, imeandikwa lugha wasiyoijua, na wameambiwa mimi naijua. Ningeweza kuwasaidia kuitafsiri? Nilikwenda. Wakanipa kiti, kahawa, na nakala. Niliitafsiri neno kwa neno, sikuongeza, sikupunguza. Naiandika tena hapa ili ujue ilifika.

Saa nane na dakika arobaini. Injini imekataa. Nimetua. Mguu wa kulia umevunjika.

Saa tisa. Redio haijibu. Baridi.

Saa tisa na nusu. Mwandishi anapiga simu sasa.

Saa kumi. Wanakuja.

Saa kumi na robo.

Mstari wa mwisho una saa tu. Mchunguzi aliniuliza kama kuna neno nimeliruka. Nikamwambia hapana.

Nimefanya hesabu ambayo mtu yeyote angefanya. Kutoka simu yangu mpaka wakufikie ni dakika arobaini. Ningepiga saa tisa na nusu, wangefika saa kumi na dakika kumi, dakika tano kabla hujaandika saa yako ya mwisho. Nilimwuliza daktari kama ungepona. Alisema haiwezi kusemwa. Nikamwuliza kwa namna nyingine. Akasema haiwezi kusemwa. Nimewahi kuwabana mawaziri mpaka wakasema, lakini yule hakuwa anaficha kitu. Hakuna mlango mwingine wa kugonga.

Ripoti inataja saa niliyopiga. Haitaji saa ya mwisho tuliyokubaliana, maana karatasi yangu hakuna aliyeiomba. Ni mimi na wewe tu tuliokuwa tunajua, na wewe hukuweza kusema. Ningenyamaza ningekula Jumapili kwa Nalongo mpaka uzeeni.

Jumapili iliyopita nilikwenda na karatasi zote mbili, yako na yangu. Niliziweka mezani, nikazisoma, nikazieleza. Pacha walikuwapo, Nalongo alisema wakae. Nakato ndiye aliyetoa jibu la hesabu, polepole, kwa Kiswidi: "Fyrtio minuter." Dakika arobaini. Mama yake akanigeukia.

"Shemeji, dakika arobaini zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natazama saa."

"Kumbe hata wewe," akasema.

Kisha akaamka, akaenda jikoni. Nilivaa koti. Alirudi na chai, akaona nimesimama, akasema, "Kaa unywe." Nilikaa nikanywa. Alitumia vikombe vya wageni, vile vyenye ua, ambavyo sijawahi kupewa tangu siku ya kwanza ulipokuja na mimi nyumbani. Sijui ni msamaha au ni heshima anayopewa mtu asiye wa nyumba hiyo tena. Sikuuliza. Safari hii nadhani nilikuwa na haki ya kutouliza.

Mlangoni aliniomba karatasi yako. Nilimpa ile niliyopewa na wachunguzi. Yangu hakuitaka.

Jambo moja tena, kisha nikuache. Bertil amepata nafasi kwenye ndege ya klabu, na juzi alinipigia simu ofisini. Alizunguka sana, akaongea hali ya hewa, mwishowe akasema yeye hana mtu wa chini. Nilimweleza yote, kama nilivyomweleza Nalongo. Kisha akasema ndiyo sababu ananitaka mimi, kwa kuwa wengine wote anaowajua wangengoja. Nilichukua kalamu nikamwuliza saa.

Ulale, Salongo. Waya ulikusaliti, nami nilikusaliti, na katika sisi wawili waya haukuwa na akili. Sina cha kukulipa, na ile miaka ambayo ungenikasirikia kidogo kwa sababu ya kikombe cha kahawa ningeivumilia yote sasa, lakini hakuna wa kunipa. Kilichobaki mkononi mwangu ni simu na saa ya ukutani. Anayeniachia saa yake ya mwisho, ikifika hajapiga, mimi napiga dakika ileile. Akutwe na keki mdomoni. Asimamishwe mkutanoni, achekwe, anichukie. Nitawazika wote kabla hawajafa.