Ndege ya Mafunjo na Mkanda wa Saa

Nakivale, Jumatano baada ya mvua

Mama yangu,

Amani ya Bwana ikukute umekaa, si unakimbia. Umeamkaje huko mlimani? Goti lako la kushoto linasemaje na baridi hii? Na bibi, koko wetu, bado mnamlisha akiwa amelala, au siku hizi anakubali kukalishwa? Najua majibu yatanifikia baada ya majuma mengi, lakini nikiandika swali ni kama nakusikia ukikohoa kidogo kabla ya kujibu, kama kawaida yako.

Sisi tuko. Mama mkubwa ni mzima, maharagi yake yamekubali udongo wa huku. Barua hii anaileta Mama Pasteri, anayekuja nyumbani kwenye kilio cha kaka yake. Nimemwomba akupe mkononi. Isome kwanza peke yako, mama, kwa sababu ndani yake kuna habari ya saa ya baba, na nataka uisikie kwangu kabla dada yako hajakuandikia.

Unamkumbuka Riziki, jirani yetu, ambaye nilikuandikia habari zake? Ndiye msichana wa kwanza kunisogelea shuleni nilipofika, wakati nilikuwa na Kifaransa changu cha nyumbani na hapa kila kitu ni Kiingereza. Muhula mzima nilijibu kwa kichwa tu. Yeye alikuwa anainua mkono na kusema, "Mwalimu, Sifa anasema jibu ni hili," hata kama mimi sijafungua mdomo. Na mara nyingi jibu lilikuwa ndilo.

Basi Ijumaa majina ya wakimbizi wanaohamishwa yalibandikwa. Dosye ya kina Riziki, faili lao la safari, imepita, wanakwenda Amerika, gari linawachukua Jumatatu asubuhi. Watu walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Halafu koko wao, Koko Faida, mama mzazi wa Baba Riziki, akakaa chini mlangoni na kusema, "Miye siendi." Wakambembeleza, akasema lile lile. Na dosye ni moja, mama. Mmoja akikataa, wote wanabaki, na hakuna anayejua kama wataitwa tena.

Jioni hiyo Baba Riziki akaja kwetu, kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuposa.

"Sifa, mutoto yangu, weye unajuaka kutengeneza ndege. Ile yenye ilitundikwa ku masomo, nani hakuiona? Ututengenezee ingine, yenye inafunguka juu. Mama aone fasi atakaa. Anaogopa kule juu, njo maana anakataa."

"Mupaka siku gani?" mama mkubwa akauliza.

"Kesho kutwa, kanisa ikiisha. Jumatatu tutakuwa tumechelewa."

Niliitika kwa kichwa. Lakini wewe nakwambia kila kitu. Moyoni nilikuwa nasema: Koko Faida, shikilia hapo hapo. Usiende. Ukibaki wewe, Riziki anabaki.

Lakini ndege ni ndege, mama. Unakumbuka nyumbani, wenzangu wakisikia mlio wanaingia chini ya migomba, na mimi unanivuta mkono kwa nguvu kwa sababu nimesimama nimeinua uso? Bado niko vile. Kila mchana moja inapita juu ya ziwa, inaacha uzi mweupe, nami nasahau jembe. Kupewa ruhusa ya kutengeneza moja, ya kweli, ya kufunguka! Siwezi kudanganya. Nilifurahi, nikaona aibu ya furaha hiyo.

Jumamosi alfajiri nilipanda lori la maharagi mpaka Mbarara. Kule kuna duka la kompyuta, kijana akanitafutia picha ya ndege ile kubwa ya kuvuka bahari, kwa juu, kwa ubavu na kwa mbele, na urefu wake wote umeandikwa. Kisha nikaingia kwa mzee mmoja Mwislamu anayeuza vitu vya mafundi, wote wanamwita Hajji; kwa Kiswahili chake cha dukani mimi, wewe na yeye sote ni "na".

"Nyabo, wewe nataka nini?"

"Gundi, Hajji."

"Gundi ya kufanya nini?"

"Ya ndege."

"Banange! Ndege nabandikwa na gundi?" Alicheka mpaka kofia yake ikasogea. "Na wewe nakwenda Amerika na hiyo?"

"Hapana, Hajji. Mimi ni ule anabaki."

Akaacha kucheka. Akanifungia kopo la gundi ya viatu, akaongeza kipande cha msasa juu yake. "Hiyo hapana lipa. Ile nabaki pia iko na kazi."

Niliitika kwa kichwa, kama kawaida.

Mama, sikia jinsi tulivyopima. Nilimkuta Koko Faida ameketi kwenye mkeka anachambua maharagi, nikampima kwa macho kutoka mkeka mpaka kitambaa cha kichwa, kisha nikaokota punje moja karibu na goti lake. Punje hiyo ndiyo ikawa koko. Mtu mmoja, punje moja iliyosimama. Kutoka hapo kila kitu kilijipanga chenyewe: kiti, dirisha, mlango, bawa. Nyumbani masista walitufundisha kipimo hiki kwa neno lilelile la ngazi kwa Kifaransa, eshele. Hapa kwa Kiingereza, skeli, ni neno moja na mizani. Zamani niliona lugha zote mbili zinachanganyikiwa. Siku hiyo nilizielewa. Ni ngazi kweli: unashuka na kitu kikubwa polepole, usiangushe hata dirisha moja, mpaka kinakaa kwenye mapaja yako.

Riziki alileta mafunjo kutoka ziwani. Ukiyamenya ganda la kijani, ndani ni meupe na mepesi kama mkate. Kwa hayo tukachonga mwili na viti. Mabawa ni kartoni ya sabuni juu ya mbavu za mwavuli uliokufa, injini ni vichupa vya dawa, madirisha tuliyatoboa kwa msumari wa moto. Mwanzo tulibandika viti kwa uji wa muhogo ili tusimalize gundi ya Hajji, na sisimizi wakaalika ndugu zao wote. Tukang'oa safu nzima, tukaanza tena. Riziki alikuwa anachapa sisimizi kwa kandambili akisema, "Mutoke! Hamuko na dosye!"

Jioni nikamwambia twende uwanja wa mpira tupime ile yenyewe, ya kweli. Yeye akasimama goli la huku, mimi nikahesabu hatua kama karatasi ilivyosema. Nikavuka katikati ya uwanja, bado. Nikaendelea, bado. Nilipofika mwisho wa hesabu nikageuka, nikamwona Riziki mdogo kama punje.

"Weye uko mukia!" nilimwita, lakini sauti yangu haikufika.

"Unasema nini?" alipiga kelele.

Mama, nilisimama pale nywele zimenisimama. Nyumba yenye urefu ule, yenye watu wengi kuliko kanisa letu, inapanda juu na watoto wanalala ndani yake! Nilifikiri, Mungu aliyemwachia binadamu akili ya namna hiyo hakuwa na wivu hata kidogo. Na wakati huohuo niliona uwanja mtupu kati yangu na Riziki, nikajua hivi ndivyo Jumanne itakavyokuwa, ila mara elfu.

Jumapili tulitoka kanisani tukakimbia kumalizia. Urefu wake umefika kama mtoto wa darasa la kwanza. Paa linainuka lote, unaona viti vyote, kila kimoja na punje yake. Kwa kuwa nilitaka iwe sahihi kabisa, nilipitisha uzi mwekundu wa gunia juu ya kila punje, kama mikanda waliyoambiwa kwenye mafunzo ya safari. Niliuonea fahari uzi ule kuliko mabawa.

Tukaiweka kwenye mkeka mbele ya Koko Faida. Nikainua paa.

Koko aliinama, akachungulia viti safu kwa safu. Kisha akaweka kidole kimoja ndani, polepole, kama mtu anayegusa mtoto aliyelala.

"Eee, Yesu," akasema. "Na choo?"

"Hiki hapa nyuma, koko," Riziki akamwonyesha.

"Kidogo vile? Na mutu wa kiuno kama Mama Pasteri?"

Watu walicheka mpaka machozi (mama, usimwambie Mama Pasteri). Koko akauliza dereva anakaa wapi, akauliza kama mvua inaingia dirishani, akataka punje yake ikae karibu na ya Riziki. Baba Riziki alikuwa ameanza kutabasamu. Halafu kidole cha koko kikafika kwenye uzi.

"Na hii kamba?"

"Ni mukanda, koko," Baba Riziki akasema. "Ndani ya ndege kila mutu anafungwa."

Koko akavuta uzi ukakatika. Akatoa punje yake, akaifumba ndani ya mkono.

"Miye nilishafungwaka," akasema. Hakupandisha sauti. "Ile siku ya askari, kule ku mto. Batu bote benye balifungwa hawakurudi. Yangu kamba ilikatika, njo maana niko hapa. Sitafungwa tena."

Mwanawe mwenyewe hakujua, mama. Siku ya mafunzo koko alikuwa mgonjwa, hakuuona mkanda wenyewe; alisikia tu watu wakirudi wakisema "tutafungwa, tutafungwa", na hakuuliza. Kumbe hakuwahi kuogopa juu hata siku moja.

Riziki akaanza kueleza haraka haraka. "Koko, si kamba! Iko na kachuma, unainua, inafunguka, ile mwalimu alituonyesha!" Koko akageuza uso ukutani.

Nilitoka nje. Hapa ndipo pa kukuungamia. Nilikaa nyuma ya nyumba yao, nikatazama mkono wangu, na pale ilikuwepo saa ya baba. Unajua imesimama tangu zamani, na inateleza mpaka kiwiko kwa sababu mkono wangu ni mwembamba. Unajua pia mkanda wake ni wa chuma, na kifungo chake ni kibati cha kuinua. Unainua, kla, inafunguka. Niliijua dawa ya koko nikiwa nimeivaa. Na nilibaki nimekaa. Nilijiambia, nani atajua? Nikinyamaza tu, kama ninavyonyamaza siku zote, kesho Riziki yuko hapa. Hakuna mtu angenilaumu kwa kunyamaza. Mimi ndiye Sifa asiyesema.

Sikukaa sana, mama. Lakini nilikaa, na nimetaka ulijue hilo.

Niliporudi ndani, nilipiga magoti mbele ya koko, nikanyoosha mkono. Nikainua kibati. Kla. Nikafunga. Kla. Yeye akageuka kidogo kwa ajili ya ule mlio.

"Mukanda ya ndege iko vile," nikasema. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

"Na nani anafungua?"

"Ni weye mwenyewe, koko. Mukono yako."

"Hakuna askari?"

"Hakuna."

Akachukua mkono wangu, akainua kibati kwa ukucha. Kla. Akafunga, akafungua. Akaitaka kwenye mkono wake mwenyewe. Nilichomoa saa kwenye vipini vyake, nikamvisha mkanda mtupu, naye akakaa anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, na sisi wote tukimwangalia kama watu wanaoangalia moto ukiwaka kwenye kuni mbichi. Mwishoni akafumbua ule mkono mwingine, akairudisha punje kwenye kiti chake.

"Basi nitajifunga," akasema. "Miye mwenyewe."

Nilitaka kusema mkanda ni wa baba yangu, kwamba lazima nikuulize wewe kwanza. Maneno yangu unayajua, yanachelewa. Riziki akanitazama, akasema, "Koko, Sifa anasema ubakie nayo."

Sikuwa nimesema kitu. Lakini safari hii pia jibu lilikuwa ndilo. Niliitika kwa kichwa.

Jumatatu gari lilijaa mapema. Ndege haikuingia kwenye mizigo, wameniachia. Koko Faida alikaa dirishani, ameinua mkono ili niuone mkanda, anafungua, anafunga, na meno yake mawili yote yako nje. Riziki alilia mpaka hakuweza kuniaga. Gari likaanza kutembea. Na mimi, mama, mtoto wako ambaye pasteri anamlazimisha kuomba kwa sauti, nilikimbia pembeni ya gari nikipiga kelele mbele ya watu wote, "Weye uko mudomo! Miye niko mukia!"

Safari hii alisikia. Alicheka huku analia.

Jana mchana ilipita moja juu ya ziwa. Sijui kama ilikuwa yao. Niliacha jembe. Zamani nilikuwa naona uzi mweupe tu. Jana niliona safu za viti, na watu wameketi humo na mikono yao mapajani, kila mmoja anaweza kufungua.

Nisamehe ule mkanda. Saa yenyewe ninayo, imefungwa ndani ya kitambaa ulichonipa. Mama mkubwa anasema ningeomba ruhusa, na ana haki, ila mlima wako ni mbali na Jumatatu ilikuwa karibu.

Nisalimie koko, umwambie nampima kila siku kwa macho ya moyo. Nisalimie mdogo wangu Bahati, aache kurusha mawe kwenye mapaa ya watu. Na mjomba anayechunga, na shangazi aliyenisuka siku ile ya kuondoka. Mzee wa kanisa mwambie kitabu chake cha nyimbo kiko salama na kinaimbwa.

Ni mimi, uliyenivuta mkono chini ya migomba,
Sifa

Nimesahau jambo moja. Ndani ya bahasha utakuta kitu kidogo cheupe, usidhani ni takataka. Ni kiti. Nimekitoa kwenye ndege, upande wa dirisha, na nafasi yake nimeiacha wazi. Najua umesema huwezi kuondoka huko, na sikusukumi. Punje utaweka mwenyewe siku ukitaka. Uzi ulio juu yake nimeufunga fundo la kufunguka: shika ncha moja tu, mama, uvute.